Kubeba bastola iliyofichwa Texas: mwongozo kwa wazungumzaji wa Kiswahili wanaoanza

Tangu tarehe 1 Septemba 2021, Texas iliporuhusu mtu aliyetimiza miaka 21 kubeba bastola hadharani bila kibali, maswali yaleyale yamekuwa yakinifikia msibani, harusini na nje ya kanisa baada ya ibada. Je, kibali bado kina maana? Mimi si raia, nina grinikadi tu, naruhusiwa? Nikiwa garini niiweke wapi? Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao ningependa mtu angenipa mimi nilipoanza.

Ninaandika kuhusu Texas kwa sababu ndipo ninapoishi, na kwa sababu sheria za silaha za Marekani hubadilika kila unapovuka mpaka wa jimbo. Mimi si wakili, na palipo na neno "wakili" hapa chini ninamaanisha umwone wakili kweli. Jambo moja nilitaje mapema. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo raia mwenye bastola ni nadra, ambapo leseni hupatikana baada ya kuchunguzwa na polisi, na ambapo mguu wa kuku tuliusikia katika habari za majambazi tu. Huku bastola inauzwa kwenye duka linalouza pia ndoano za kuvulia samaki, na urahisi huo wa kuinunua humfanya mgeni adhani kwamba kuibeba nako ni rahisi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Andaa vitu vifuatavyo kwanza, kwa maana bastola yenyewe ni sehemu ndogo tu ya gharama na ya kazi:

- Kitambulisho cha Texas chenye anwani yako ya sasa, pamoja na hati zako za uhamiaji ikiwa wewe si raia.
- Bastola ya ukubwa wa kati, isiyo ndogo mno. Glock 19, kwa mfano, ikiwa na risasi zake 15 ina uzito wa takribani gramu 850.
- Ala ngumu ya kuiwekea bastola, ambayo wengi tunaiita holsta, iliyotengenezwa kwa ajili ya aina hiyohiyo ya bastola.
- Mkanda wa kiunoni ulio mgumu kweli. Mkanda wa kawaida wa suruali ya ofisini hautoshi.
- Sefu ndogo ya chuma ya nyumbani, na nyingine ya kufungia garini kwa waya wa chuma.
- Miwani na vizibo vya masikio kwa uwanja wa shabaha, risasi za mazoezi, na risasi bandia za plastiki za kufanyia mazoezi nyumbani.
- Mkanda wa kubana mkono au mguu ili kuzuia damu, na mafunzo ya saa chache ya kuutumia.
- Jina na namba ya wakili wa jinai anayeelewa pia mambo ya uhamiaji.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha kwamba sheria ya nchi nzima inakuruhusu kumiliki silaha.

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo inayoweza kukugharimu zaidi. Sheria ya Texas haikuondoa sheria ya serikali kuu, ambayo bado inataja watu wasioruhusiwa hata kushika silaha wala risasi. Mwenye grinikadi anaruhusiwa, na vivyo hivyo aliyepokelewa kama mkimbizi au aliyekwisha kupewa hifadhi. Aliye nchini bila hadhi halali haruhusiwi. Aliyekuja kwa viza ya muda, yaani ya masomo, ya kutembea au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi pia. Ipo nafuu kwa mwenye leseni halali ya uwindaji, lakini usiitegemee kabla ya kuzungumza na wakili. Anayesubiri uamuzi wa maombi yake ya hifadhi naye amwone wakili kwanza, bila kujali anachoambiwa na wenzake kazini.

Wapo pia wanaozuiwa kwa sababu nyingine, raia wakiwemo: aliyehukumiwa kwa kosa kubwa la jinai, aliyepatikana na hatia ya ukatili wa nyumbani hata kama ni kosa dogo, aliyewekewa amri ya mahakama ya kutomkaribia mwenzi wake, na mtumiaji wa bangi. Hili la bangi huwashangaza wengi, kwa sababu yapo majimbo yanayoiruhusu. Fomu utakayoijaza dukani inasema waziwazi kwamba kwa serikali kuu matumizi yake bado ni kosa, hata kama jimbo limeyahalalisha.

Tahadhari kwa asiye raia: sheria ya uhamiaji ina kipengele kinachosema kwamba mgeni aliyehukumiwa kwa kununua, kuuza, kutumia, kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria anaweza kuondolewa nchini, hata kama ana grinikadi ya miaka 20 na watoto waliozaliwa Houston. Kosa ambalo jirani yako raia atalilipia faini na kulisahau linaweza kukufikisha wewe mbele ya hakimu wa uhamiaji. Kila hatua inayofuata isome ukiwa na jambo hilo akilini.

2. Nunua kwa jina lako, kwa ajili yako mwenyewe.

Duka lenye leseni litakupa Fomu 4473, nawe utajibu kila swali kwa ukweli, ukiandika namba yako ya uhamiaji kama wewe si raia. Muuzaji atawasiliana na mfumo wa FBI wa kukagua kumbukumbu, ambao umekuwa ukitumika tangu 1998, na mara nyingi jibu huja kabla hujamaliza kuangalia mikanda. Kwa bastola, duka haliwezi kumuuzia mtu wa chini ya miaka 21.

Usimnunulie mtu mwingine kwa pesa zake, hata akiwa shemeji yako ambaye "hati zake zinashughulikiwa tu". Tangu 2022 kosa hilo lina adhabu ya hadi miaka 15 jela. Wala usikubali ombi la nyumbani la kupakia bastola, au hata pakiti moja ya risasi, ndani ya kontena linalokwenda Mombasa au Dar es Salaam, kwani kusafirisha silaha nje ya nchi bila leseni ni kosa la serikali kuu huku, na kule linakopokelewa mambo yatakuwa mabaya zaidi.

3. Jifunze kanuni nne za usalama mpaka zikae mikononi.

Kanuni hizi zilienezwa na mkufunzi Mmarekani Jeff Cooper, na kila uwanja wa shabaha utakaoingia utazikuta ukutani kwa namna moja au nyingine. Chukulia kila silaha kuwa ina risasi. Usielekeze mtutu kwenye kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umelenga na umeamua. Jua unacholenga na kilicho nyuma yake.

Kanuni hizi zina faida ya kulindana: ukikosea moja huku nyingine ukizishika, kwa kawaida kinachopatikana ni mshtuko na tundu ukutani, na ukikosea mbili kwa pamoja ndipo mtu huumia. Kwa hiyo zifanyie mazoezi hata ukiwa unahamisha tu bastola kutoka sefuni kwenda mezani.

4. Chukua kibali, ijapokuwa si lazima.

Kibali cha Texas hutolewa na Idara ya Usalama wa Umma ya jimbo. Utahudhuria darasa la saa 4 hadi 6, utafanya mtihani wa kuandika, utachukuliwa alama za vidole, kisha utapiga risasi 50 kwa shabaha: 20 ukiwa yadi 3, nyingine 20 ukiwa yadi 7, na 10 za mwisho ukiwa yadi 15. Anayepata alama 175 kati ya 250 amefaulu. Jaribio hili si gumu, na anayelishindwa ashukuru kwamba ameligundua hilo mbele ya karatasi. Ada ya maombi ni dola 40, na kibali cha kwanza hudumu miaka 4.

Sababu zangu za kukisisitiza ni mbili. Ya kwanza inamhusu kila mzazi: sheria ya serikali kuu inakataza kuwa na bastola yenye risasi ndani ya futi 1,000 za shule, yaani takribani mita 300, isipokuwa kama una kibali cha jimbo hilo au umo ndani ya eneo binafsi. Maana yake ni kwamba mama anayempeleka mtoto shuleni asubuhi, bastola ikiwa imejaa kwenye ala yake na kibali hana, huenda hajavunja sheria ya Texas lakini amevunja ya Marekani. Sababu ya pili ni safari, kwa kuwa majimbo mengi yanakiheshimu kibali cha Texas, nami nitalirudia hilo kwa ajili ya madereva wa malori.

Ukiajiriwa kama mlinzi, usidhani kwamba kibali hiki kinakutosha kazini. Mlinzi mwenye silaha ana mafunzo yake na leseni yake tofauti.

5. Chagua ala kwa makini kuliko ulivyochagua bastola.

Bastola nyingi za kisasa, Glock ikiwemo, hazina kitufe cha nje cha kuzuia risasi; kinga yake imo kwenye kifyatulio chenyewe, kwa hiyo chochote kinachokibonyeza kikamilifu kitafyatua, kiwe kidole, ufunguo au kona ya shati. Ndiyo maana ala nzuri ni ile ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la bastola yako, inayofunika kifyatulio chote, inayoishika bastola isidondoke ukichuchumaa, na inayobaki wazi mdomo bastola ikitolewa. Ala laini za kitambaa zinazodai kuingia kila aina ya bastola ziache dukani.

Kwa anayeanza, mahali pa kuivaa ni kiunoni upande wa mkono unaotumia, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga. Watu wengi siku hizi huvaa mbele, karibu na kitovu, na ni kweli kwamba huko inafichika vizuri na inafikika haraka, lakini mtutu unaelekea mahali ambapo sihitaji kupataja. Subiri kwanza upate uzoefu.

Akina mama huuliza kuhusu gauni na dera, nguo ambazo hazina mkanda. Upo mkanda mpana wa kuvaa tumboni chini ya nguo. Uchague wenye kipande kigumu kinachofunika kifyatulio, kisha ujaribu kuifikia bastola ikiwa tupu mara nyingi kabla hujatoka nayo. Kuhusu mkoba wa mkononi, jibu langu ni hapana. Mnamo Desemba 2014, katika duka moja la mji wa Hayden, Idaho, mtoto wa miaka 2 alifungua mkoba wa mama yake, akashika bastola iliyokuwa ndani, na mama akafa palepale. Alikuwa na kibali, na mkoba ule ulikuwa na mfuko maalumu wa bastola. Mkoba huwekwa chini, huning'inizwa kwenye kiti, huibwa. Kilicho mwilini hakisahauliki kwa urahisi hivyo.

6. Ivae nyumbani ikiwa tupu kwa wiki 2.

Ondoa risasi zote na uziweke chumba kingine, kagua chemba, yaani tundu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa, kwa jicho na kwa kidole, kisha ivae bastola ukipika, ukifua, ukiinama kumfunga mtoto viatu. Utajua mkanda unakata wapi, shati linapanda lini, na kama umbo la bastola linajichora unapojinyoosha kuchukua kitu rafu ya juu. Katika wiki hizo fanya pia mazoezi ya kuitoa polepole: mkono usiotumika unainua shati mpaka juu, mkono wa pili unashika mpini kikamilifu, bastola inatoka wima kisha inaelekezwa mbele, kidole kikiwa kimenyooka pembeni.

Kuirudisha ndiko kwenye hatari zaidi kuliko kuitoa. Hakuna mashindano ya kurudisha bastola. Inua shati, itazame ala kwa macho yako, hakikisha hakuna kamba ya jaketi iliyoingia, ndipo uirudishe taratibu. Mimi mwenyewe, miaka kadhaa iliyopita, nilihisi ugumu usio wa kawaida nikiirudisha, nikasita, na nilipoangalia nikakuta pindo la shati limezunguka kifyatulio. Bastola ilikuwa tupu, lakini jasho lililonitoka lilikuwa la kweli.

Swali linalofuata huwa ni kama bastola ibebwe ikiwa imekokiwa, risasi moja ikiwa chembani. Wakufunzi wengi husema ndiyo, kwa sababu anayeshambuliwa anaweza kukosa mkono wa pili na sekunde za kukoki. Ninakubaliana nao kwa mtu aliyekwisha kuzoea. Wewe unayeanza, beba chemba ikiwa tupu mpaka siku utakapoweza kuvaa, kuvua na kurudisha mara mia bila kidole kugusa kifyatulio.

7. Jiwekee utaratibu mmoja usiobadilika.

Asubuhi vaa bastola ikiwa tayari ndani ya ala, ala na bastola kwa pamoja, na usiku vivue pamoja. Kadiri unavyoishikashika mchana kutwa, ndivyo ajali inavyokaribia. Chooni ndipo wengi hukosea: wanaichomoa, wanaiweka juu ya kishikio cha karatasi, wanapokea simu, wanaondoka. Iache ndani ya ala, na ala ibaki kwenye suruali iliyoshuka, katikati ya miguu yako, mahali ambapo huwezi kusimama bila kuiona.

Siku unayokunywa pombe, bastola ibaki sefuni. Sheria ya Texas inakataza kubeba hadharani ukiwa umelewa, lakini mimi sihesabu chupa. Bia moja inatosha kuiacha nyumbani.

8. Jifunze mahali pasiporuhusiwa, na mabango yake.

Shule, vituo vya kupigia kura, mahakama, magereza, hospitali, viwanja vya michezo wakati wa mashindano, na eneo la uwanja wa ndege lililo ndani ya ukaguzi, vyote havihitaji bango ili vikukataze. Majengo ya serikali kuu, pamoja na ofisi za posta, yana katazo lake. Ofisi za uhamiaji zimo humo, na siku ya mahojiano ya uraia si siku ya kukumbuka ukiwa mlangoni.

Kisha kuna mabango ya wenye mali, ambayo hutambulika kwa namba za vifungu vya sheria: 30.05 humzuia asiye na kibali, 30.06 humzuia mwenye kibali anayebeba kwa kuficha, na 30.07 humzuia mwenye kibali anayebeba wazi. Huandikwa kwa Kiingereza na Kihispania, kwa hiyo anayeanza kujifunza Kiingereza azitafute namba. Bango lenye asilimia 51 kwa rangi nyekundu humaanisha baa, yaani biashara inayopata zaidi ya nusu ya mapato yake kwa pombe ya kunywea papo hapo, na humo huingii na silaha hata ukinywa soda. Kanisa na msikiti huongozwa na bango au na neno la mwenye mamlaka. Ukiambiwa kwa mdomo utoke, toka bila mjadala.

Tahadhari kwa madereva: Uber na Lyft zinawakataza madereva na abiria kuwa na silaha ndani ya safari. Huenda sheria inakuruhusu, lakini utapoteza akaunti na riziki. Kwa ndugu zetu wa malori, fahamuni kwamba California, New York na New Jersey hayatambui kibali cha Texas. Sheria ya serikali kuu ya 1986 humlinda anayepita tu, mradi silaha haina risasi na imefungiwa mahali asipofikia kutoka kwenye kiti, lakini kulala njiani na kushusha mzigo ndani ya jimbo ni jambo jingine. Kampuni nyingi za malori zina makatazo yake pia. Na anayevuka kwenda Kanada asiwe nayo kabisa.

9. Linda silaha isipokuwa mwilini mwako.

Texas humshtaki mtu aliyeiacha silaha yenye risasi mahali ambapo alipaswa kujua kwamba mtoto wa chini ya miaka 17 angeifikia, na mtoto akaifikia. Nyumba zetu zina wageni wengi, binamu, watoto wa majirani, na mtoto wa mgeni hajui kwamba juu ya kabati hapaguswi. Sefu ifungwe kila mara, hata kwa dakika 5. Garini bastola iwe haionekani au iwe ndani ya ala, na ukilazimika kuiacha, iache ndani ya sefu iliyofungwa kwa waya kwenye chuma cha kiti. Ifungie kabla hujafika unakokwenda, ili anayekutazama ukiegesha asione unachoficha.

10. Jiandae kusimamishwa na polisi.

Egesha, zima injini, washa taa ya ndani ikiwa ni usiku, na weka mikono yote miwili juu ya usukani. Ukiombwa kitambulisho nawe una kibali na umebeba, toa vyote viwili pamoja. Usianze kwa kutaja silaha. Mtu anayefikiri kwa Kiswahili hutafsiri "nina bunduki" neno kwa neno, na sentensi hiyo katika Kiingereza inasikika kama ya jambazi benki. Anza na kibali: sema una kibali cha kubeba, umebeba leo, iko kiunoni upande wa kulia, na uulize afisa angependa ufanye nini. Ikariri sentensi hiyo kwa Kiingereza nyumbani mpaka itoke bila kutetemeka, na usisogeze mkono mpaka umeambiwa.

Sitakudanganya kwamba hilo linatosha daima. Mnamo Julai 2016 huko Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile, mwenye kibali halali, alimweleza afisa kwa upole kwamba ana silaha, na sekunde chache baadaye alipigwa risasi na kufa. Afisa huyo aliachiwa huru na mahakama mwaka uliofuata. Mikono yetu ikionekana, hatari inapungua; haiishi.

11. Elewa ni lini unaweza kuitumia.

Kifungu cha 9.32 cha sheria ya jinai ya Texas huruhusu nguvu ya kuua pale ambapo mtu mwenye akili timamu angeamini kwamba inahitajika mara hiyohiyo ili kujikinga na nguvu ya kuua isiyo halali, au kuzuia makosa mazito kama mauaji, ubakaji, utekaji na unyang'anyi. Huhitaji kukimbia kwanza, ikiwa una haki ya kuwa hapo, hukuchokoza, na hufanyi kosa. Lakini maneno peke yake, hata matusi ya rangi yako na ya mama yako, hayakupi haki hiyo.

Mara nyingi huulizwa kuhusu mwizi wa gari usiku, kwa kuwa kifungu cha 9.42 kinataja mali na wizi wa usiku. Ni kweli kinataja, kwa masharti. Msimamo wangu ni kwamba gari lina bima, nawe una hadhi ya uhamiaji isiyo na bima. Kuionyesha bastola ili kumtisha mtu katika ugomvi wa maegesho nako ni hatari, kwani kumwelekezea mtu silaha kwa kujua kunaweza kuwa kosa la jinai hata kama hukufyatua.

12. Jua la kufanya baada ya tukio.

Nenda mahali salama, piga 911 wewe mwenyewe, taja mahali ulipo, omba gari la wagonjwa, na eleza umevaa nini ili polisi wasikudhanie wewe ndiye mshambuliaji. Wanapofika, silaha isiwe mkononi. Eleza kwamba ulishambuliwa, onyesha mashahidi na ushahidi, kisha sema utazungumza zaidi wakili akiwepo. Ikiwa Kiingereza chako kinayumba ukiwa na hofu, omba mkalimani wa Kiswahili na usijibu kwa kubahatisha. Asiye raia amwambie wakili hadhi yake tangu dakika ya kwanza: tangu 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, Mahakama Kuu ya Marekani imewataka mawakili wa utetezi kuwaeleza wateja wao hatari ya kuondolewa nchini kabla hawajakiri kosa.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatatua

Bastola inajichora kwenye shati. Mara nyingi kosa ni la mkanda laini, unaouacha mpini uiname nje. Badilisha mkanda, kisha vaa shati pana kidogo lenye maua au miraba; kitenge kinaficha kuliko fulana nyeupe.

Kiuno kinauma. Isogeze ala sentimita 1 au 2, jaribu suruali kubwa zaidi kidogo, na usitatue tatizo kwa kulegeza mkanda.

Risasi zinakwenda chini kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia. Unausubiri mshindo na kuukunja mkono kabla haujaja. Changanya risasi bandia na za kweli ndani ya magazini, yaani kasha la risasi linaloingia kwenye mpini, bila kujua mpangilio wake, nawe utaona mtutu ukiinama pale ambapo hakuna kilicholipuka.

Bastola haifyatui au imekwama uwanjani. Uelekeze mtutu kwenye shabaha kwa sekunde 30, kwa sababu risasi inaweza kuchelewa kulipuka, kisha toa magazini na uite msimamizi. Usigeuke na bastola mkononi ili kuomba msaada.

Unajikuta unaigusagusa mbele za watu. Ama ala hailishiki pindo la suruali vizuri, ama hujaizoea. Rudi kwenye hatua ya 6.

Unasafiri kwa ndege ndani ya Marekani. Bastola iwe haina risasi, ndani ya sanduku gumu lililofungwa kwa kufuli, kwenye mzigo unaokabidhiwa, na uitangaze kaunta. Kwa safari ya Nairobi, Kinshasa au Muscat, usiichukue kabisa. Mfuko unaopeleka uwanja wa shabaha usiwe kamwe mfuko wa safari, kwani risasi moja iliyosahaulika chini ya kitambaa itaonekana kwenye mashine ya ukaguzi, na si kila nchi itakubali kwamba ulisahau.

Mwenzi wako hataki silaha nyumbani. Usimfiche. Mpeleke uwanja wa shabaha akiwa tayari, mwonyeshe sefu na namna inavyofungwa, na kama bado anakataa, fikiria kama amani ya nyumba hiyo si sehemu ya usalama uliokuwa unautafuta.

Bastola imeibwa. Toa taarifa polisi siku hiyohiyo, ukiwa na namba yake ya usajili iliyochongwa kwenye chuma. Namba hiyo iandike leo, pamoja na picha na risiti ya duka, na uiweke mahali pasipokuwa ndani ya sefu ileile.